Rangi Tatu: kitufe cha "Rudisha" kinachodanganya

Ukishuka Mbagala Rangi Tatu, hutembei mbali kabla ya kuona bango la picha za pasipoti. Rafiki yangu ana steshenari huko, na nilimwandikia programu ndogo kwa Python na Tkinter. Ina vitufe vya kung'arisha picha na kuifanya nyeusi na nyeupe, na kimoja nilikiandika "Rudisha".

Siku moja akaja dada mmoja na memori kadi yenye picha ya marehemu baba yake, ya kuweka kwenye ratiba ya msiba. Picha ikafanywa nyeusi na nyeupe, ikahifadhiwa kwa jina lile lile. Jioni dada akarudi: familia inataka ya rangi. Rafiki yangu akabonyeza "Rudisha". Picha ikabaki kijivu, na nakala nyingine haikuwepo.

Kosa ni langu, sikatai. Ila hebu tuzikosoe pia zana zenyewe na namna tunavyofundishwa kuzitumia.

Kila pikseli ni namba tatu: nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Yapo mabadiliko yanayorudi. Ukiifanya picha kuwa negativu, kila namba inatolewa kwenye 255, hivyo 40 inakuwa 215. Rudia tena, 215 inarudi kuwa 40. Hakuna kilichopotea.

Kung'arisha ni habari nyingine. Ongeza 60 kwenye 210, unapata 270, lakini kikomo ni 255. Ongeza 60 kwenye 240, nayo inagota 255. Sasa punguza 60: zote mbili ni 195. Tofauti yao imekufa.

Kijivu ndiyo mbaya zaidi. Maktaba ya Pillow inachukua 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya bluu, inajumlisha. Wekundu wa kitenge (200, 30, 30) unatoa 81. Kijani cha (0, 138, 0) nacho kinatoa 81. Ukiikuta 81, utajuaje ilitoka wapi? Ni sawa na kupewa jumla ya manunuzi bila risiti, halafu uambiwe utaje bei ya kila kitu.

Hapa ndipo naidai Tkinter. Kisanduku chake cha maandishi kina uwezo wa kutendua: ukiuwasha tu, Ctrl+Z inafanya kazi. Picha haina kitu kama hicho. Na la kushangaza, wazo sahihi limo humo humo ndani. Picha ya Tk ina kipimo kinachoitwa gamma, ambacho hubadilisha namna picha inavyoonekana tu, pikseli zenyewe haziguswi. Weka 2, picha inang'aa. Rudisha 1, iko vile vile. Kwa nini waliishia hapo? Qt wana QUndoStack, lakini nayo haiijui picha yako. Namna ya kutendua unaiandika mwenyewe.

Utaniambia kumbukumbu ni ndogo. Ni kweli: picha ya pikseli milioni 12 inakula takriban MB 36, na nakala kumi ni MB 360. Lakini hatuhitaji nakala kumi. Tunza picha moja ya asili na orodha ya hatua. Mtu akitendua, futa hatua ya mwisho, anza upya kutoka kwenye asili.

Mafunzo niliyojifunzia mimi hayakusema hivyo. Yalikuwa na mstari huu: picha = picha.convert("L"). Mstari mmoja, na asili imefunikwa.

Nimeshairekebisha programu. Sasa haiandiki kabisa juu ya faili la mteja. Ratiba ya msiba ilitoka na picha ya kijivu. Wewe msomaji unayeandika yako leo, ijaribu kwanza kwa picha ambayo usingependa kuipoteza, ila uwe na nakala yake pembeni.