Uliza Tope Linakwenda Wapi

Wauzaji wa mitambo ya kuoshea malori hupenda kuonyesha glasi mbili. Moja ina maji meusi yaliyotoka chini ya semi, nyingine ina maji maangavu yaliyotoka kwenye mtambo, na mwenye magari hubaki akiikodolea macho ile ya pili. Mimi humshauri aziache zote mezani, atoke nje, aulize tope liko wapi. Linatua sehemu gani? Nani analitoa, kwa chombo gani, kila baada ya muda gani, na likishatolewa linapelekwa wapi? Fundi aliyeifikiria kazi yake ana jibu la kila swali, na jibu lenyewe utaliona limo kwenye chuma. Ambaye hakuifikiria atakurudisha kwenye glasi.

Mtambo ninaouzungumzia ni ule unaokaa wote juu ya ardhi. Lori linapanda jukwaa la chuma, maji yanakusanyika kwenye mfereji wa pembeni, pampu inayanyanyua hadi kwenye matenki na vichujio, na mara nyingi vifaa hivyo vimefungwa ndani ya kontena la futi 20. Kwa miji kama Dar es Salaam na Mombasa mpangilio huu una sababu nzito. Mabondeni na karibu na bahari maji ya ardhini yako juu, na tenki tupu lililozikwa kwenye ardhi ya namna hiyo husukumwa juu: tenki la lita 10,000 hunyanyuliwa kwa nguvu ya takriban tani 10, likapasua zege na kukata mabomba. Yadi ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, imeshajaa maji ya mafuriko zaidi ya mara moja. Sababu ya pili ni mikataba. Wasafirishaji wengi wamepanga yadi zao. Pango likiisha, chemba ya zege inabaki kwa mwenye eneo, ila jukwaa la chuma linafunguliwa bolti na kupakiwa kwenye tela.

Anza kukagua jukwaa. Usiridhike kuambiwa kwamba linabeba tani 40 au 60 kwa ujumla, kwa sababu lori halikanyagi kwa ujumla, linakanyaga kwa ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari la tani 56, na ekseli mbili zilizofuatana za magurudumu manne manne zinaruhusiwa tani 18. Ipo siku dereva atapandisha gari likiwa na mzigo hata kama umemkataza, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa tani 18 hizo. Kisha chuchumaa utazame matundu ya bolti. Yakiwa yamevikwa zinki hadi ndani, yalitobolewa kiwandani kabla ya chuma kuchovywa. Yakionyesha chuma kitupu, yalitobolewa uwanjani, na kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu itaanzia hapo hapo. Chuma kinene cha zaidi ya milimita 6 kilichochovywa ipasavyo hubeba wastani wa mikroni 85 za zinki. Rangi ya fedha ya kupuliza haifiki popote karibu na hapo. Mwisho mwaga ndoo ya maji kwenye kona ya mbali kabisa. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita unatosha kuyafikisha kwenye mfereji bila ya mtu kuyasukuma kwa ufagio.

Juu ya jukwaa kuna jambo ambalo wengi hulisahau hadi masika yaingie. Jukwaa la mita 20 kwa 6 lisilo na paa, mvua ya milimita 50 ikilipiga, linakusanya lita 6,000. Ni maji ya kuosha malori 20 kwa mashine ya presha ya lita 15 kwa dakika, kila lori likipewa dakika 20. Mtambo utahangaika kusafisha maji ya mvua ambayo hayakuwa na kosa, huku tenki likifurika na kumwaga mafuta barabarani. Dawa yake ni paa, au angalau valvu ya kuyachepusha maji ya mvua wakati hakuna kuosha. Penye valvu, kamata mpini wake uuzungushe. Ukiwa mgumu siku ya kukabidhiwa, usitarajie mlinzi wa usiku auzungushe saa nane za usiku mvua inaponyesha.

Sasa tope. Semi lililotoka Tunduma wakati wa mvua hubeba chini ya chasisi mchanganyiko wa vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa. Chembe ya mchanga mwembamba, ya moja ya kumi ya milimita, huzama mita nzima kwa dakika mbili hivi. Chembe ya mfinyanzi ya mikroni 2 huzama sentimita moja na kidogo kwa saa, yaani mita moja huichukua zaidi ya siku tatu. Mtambo mzuri unazitenganisha kazi hizi mbili waziwazi: mchanga ukamatwe mapema, kwenye sinia pana karibu na jukwaa, na mfinyanzi uachiwe dawa huko mbele, kwa kuwa hakuna tenki la kawaida litakalousubiri siku tatu. Ukiona matenki matatu yaliyopangwa mstari, yote sawa, na muuzaji anasema maji yanatulia yenyewe, jua kwamba mchanga utajaa tenki la kwanza na mfinyanzi utapita yote matatu. Gari lililobeba makaa ya mawe ya Ngaka linaongeza tatizo, maana vumbi lake ni jepesi kuliko udongo na huzama kwa uvivu zaidi.

Katika yadi moja ya Kurasini nilionyeshwa jukwaa la vyuma vya kimiani, zuri kwa macho, limenyooka, halina hata tone la maji juu yake. Kijana anayeosha akachukua kipande cha nondo akakichomeka katikati ya vyuma. Kikazama hadi mkono wake ukagusa jukwaa, ndipo kikagonga bati. "Huku chini hapafikiki, bosi," akasema, "tunasukuma na maji tu." Vipande vile vya kimiani vilikuwa vimechomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Vingekaa kwa uzito wake tu, kila kimoja cha kunyanyuliwa na watu wawili, jukwaa lile lingekuwa la daraja la kwanza. Hapo ndipo ufundi wa kazi hii unapotofautiana na uchomeleaji wa kawaida: anayebuni amemuona mtu wa koleo kabla hajachora mstari wa kwanza. Sinia la tope linapaswa kuwa pana kuliko koleo, sakafu yake laini bila pembe za ndani, na upande mmoja uwe na mteremko ambao toroli linaingia. Pembeni kuwe na sehemu ya kulianikia, ambayo matone yake yanarudi mfereji ule ule. Tope lililochuruzika siku mbili ni nusu ya kazi ya kulibeba.

Pampu ndiyo roho ya mtambo wa juu ya ardhi, kwa kuwa hakuna mteremko wa kuyashusha maji hadi kwenye matenki. Ndiyo pia inayoharibu zaidi ikichaguliwa vibaya. Pampu ya kawaida ya feni inayozunguka kwa kasi huyapiga mafuta na kuyavunja vipande vidogo sana, na udogo wa tone ndio unaoamua kila kitu hapo mbele. Tone la mikroni 150 hupanda juu ya maji sentimita 11 kwa dakika. Livunje hadi mikroni 20, litapanda sentimita 12 kwa saa. Fundi anayejua huweka pampu ya diaframu, inayosukuma kwa pumzi bila ya kupiga, na huifunga mahali ambapo inafunguliwa kwa spana mbili. Ukikuta pampu ya kuzamisha ya bei rahisi imetupwa ndani ya mfereji, muulize mwenye mtambo ameshabadilisha ngapi.

Kwa mafuta yenyewe, fungua mfuniko wa kitenganishi utazame bati za ndani. Zimepangwa zikiwa zimekaribiana ili tone lisilazimike kupanda kimo chote cha tenki. Zikiachana milimita 12, lile tone la mikroni 20 linagusa bati ndani ya dakika 6 hivi. Vuta bati moja. Ikitoka kwa mkono, itaoshwa. Kama ni lazima mtambo ufunguliwe nusu nzima, bati hizo hazitaoshwa kamwe. Muuzaji akikutajia kiwango cha Ulaya cha EN 858 na miligramu 5 za mafuta kwa lita, mkubalie, kisha mkumbushe kwamba kipimo kile hufanywa maabara kwa mafuta yasiyochanganywa na sabuni. Yadi yako ina sabuni. Ina pia utingo anayesafisha injini kwa dizeli, na kila anayesoma hapa anaijua tabia hiyo. Sabuni kali, maji ya moto na presha kubwa vikikutana na grisi, mafuta hayaelei tena, yanajificha ndani ya maji. Mkandarasi anayeuza mtambo bila kuuliza unatumia sabuni gani amekuuzia matenki.

Hapa ndipo dawa inaingia. Jaribio lake nalipenda kuliko lolote, na linafanyika hapo hapo uwanjani. Chota maji machafu kwenye majagi manne ya lita moja, tia kila jagi kipimo tofauti cha shabu, koroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole. Kwenye jagi lenye kipimo sahihi maji yanakatika kama maziwa: mabonge mepesi yanajikusanya, mafuta na mfinyanzi vikiwa vimenaswa ndani yake, na katikati panabaki maji yanayopitisha mwanga. Jagi lililozidishiwa dawa linaweza kurudi kuwa na ukungu, na shabu ikizidi inayafanya maji kuwa ya asidi, hadi yahitaji chokaa. Mafundi wazuri hufanya jaribio hili mbele yako, kwa maji yako, kwa sabuni yako, na humfundisha mtu wa yadi alirudie kila sabuni inapobadilishwa. Wengine wanaseti pampu ya dawa kiwandani na kuondoka.

Kuyarudisha maji kuoshea tena ni jambo jema mahali ambapo maji ya bomba ni ya mgawo, lakini lina masharti. Maji yaliyosimama na mafuta bila hewa huota bakteria na kutoa harufu kali ya gesi ya salfa, kwa hiyo tenki lipulizwe hewa usiku na mchana, hata Jumapili. Chumvi nayo haichujwi na mchanga wala kaboni. Inaongezeka kila mzunguko, na ukianzia na maji ya kisima cha pwani unaanza ukiwa juu tayari. Suuza ya mwisho iwe ya maji safi. Vioo vyenye madoa meupe vitakwambia kama sharti hilo limezingatiwa.

Yanayotoka nje yana sheria yake. Viwango vya Tanzania vinataka mafuta na grisi yasizidi miligramu 10 kwa lita, chembe ngumu zisizidi 100, na pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, ziwa au bahari pale zinapoweza kuhatarisha mazingira. Tope lenye mafuta na oili chafu ni taka hatarishi. Zina mkusanyaji wake mwenye kibali, na jina lake liwemo kwenye makabidhiano pamoja na bei yake kwa pipa.

Makabidhiano yafanyike kwa malori matatu machafu yanayofuatana bila kupumzika, na sampuli ichukuliwe wakati wa lile la tatu, ipelekwe maabara unayoichagua wewe. Siku inayofuata mkandarasi akae kando, kijana wa yadi atoe tope peke yake kwa koleo na toroli. Asipofika chini ya sinia, kazi haijaisha. Na kabla hujasaini hundi ya mwisho, hesabu diaframu za akiba rafuni, zisipungue mbili, kisha umpigie simu mwenyewe yule fundi aliyetajwa kwenye karatasi kuwa ndiye wa matengenezo, uhakikishe yuko nchini na anaijua pampu hiyo.