Lita Kumi na Mbili

Wanafunzi humwita Madam. Mimi namwita Mama, kwa sababu nilimkuta kwenye maabara hii nikiwa kijana mwenye cheti kipya cha ualimu, naye akanifunza mambo ambayo chuo hakikunifunza. Yeye ni fundi wa maabara. Mimi hufundisha kemia, naye ndiye mwenye ufunguo.

Ninataka kueleza jinsi anavyouandaa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Kwa miaka mingi nimemtazama akifanya kazi hiyo, na bado naiona kuwa kazi nzuri kuliko zote zinazofanyika shuleni kwetu.

Mtihani huo, yaani karatasi ya tatu ya kemia katika KCSE, una alama 40 na huchukua saa mbili na robo. Kabla yake shule hupewa maagizo ya maandalizi, karatasi ambayo walimu wa Kenya tumezoea kuiita konfidenshali. Imeandikwa kavu kabisa: kila mtahiniwa apewe kiasi fulani cha mmumunyo A, bureti moja, pipeti moja, neli kadhaa za majaribio. Mama huisoma mara ya kwanza akiwa amesimama. Mara ya pili huketi na penseli. Mara ya tatu hunisomea kwa sauti, nami natakiwa nimkatize nikisikia kitu kisichokaa sawa.

Kisha huja hesabu. Tuseme watahiniwa ni 110 na kila mmoja anahitaji mililita 100 za asidi ya hidrokloriki yenye ukolezi wa molari 0.1. Hizo ni lita 11. Mama huongeza lita moja ya kumwagika, maana mikono ya watoto siku hiyo hutetemeka. Zinakuwa 12.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Chupa yetu kubwa ya kupimia inachukua lita moja. Mimi ningetengeneza lita moja mara kumi na mbili, nikazipanga mezani na kwenda zangu nyumbani. Mama alinitazama tu, akaniuliza, “Mwalimu, ukipika sufuria kumi na mbili za chai, zote zitakuwa na sukari sawa?” Akavuta pipa safi la plastiki, akatia maji yaliyokenekwa kwanza, ndipo akaimimina asidi kali taratibu. Ukimimina maji juu ya asidi kali, joto hupanda ghafla na asidi inaweza kukurukia usoni. Asidi ya dukani ina nguvu ya takriban molari 11.6, kwa hiyo lita zote 12 zinahitaji mililita 103 hivi tu. Kiasi hicho kinaingia kwenye kikombe cha chai, nacho ndicho kitakachoamua alama za watoto 110.

Akaanza kukoroga. Nilidhani dakika moja inatosha, maana maji na asidi vyote havina rangi na jicho halioni tofauti. Yeye alikoroga kwa fimbo ya kioo, akapumzika, akakoroga tena akianzia chini. Aliniambia kwamba asidi ni nzito kuliko maji na hupenda kulala chini. Mtoto atakayegawiwa ya juu na yule atakayegawiwa ya chini hawatakuwa wamefanya mtihani mmoja. Tangu siku hiyo sijawahi kugawa mmumunyo bila kuukoroga kutoka chini.

Hata baada ya hapo hakuiamini asidi yake. Alikuwa amekausha kaboneti ya sodiamu kwenye oveni, kwa kuwa unga huo hunyonya unyevu wa hewani na kukudanganya kwenye mizani. Akapima gramu 2.65, akaziyeyusha na kuzifikisha mililita 500 barabara. Huo ni ukolezi wa molari 0.05. Akachukua mililita 25 kwa pipeti, akadondosha matone mawili ya metili orenji, mmumunyo ukawa wa manjano. Kama asidi yetu ni molari 0.1 kweli, ilipaswa kutumika mililita 25 kamili.

Tazama mikono yake sasa. Wa kushoto umeizunguka koki kutoka nyuma ya bureti, wa kulia unaitikisa flaski kwa mwendo mmoja usiobadilika, kama anayebembeleza mtoto. Asidi inaingia mkondo mwembamba, kisha matone, kisha tone moja moja. Karibu na mwisho hulisubiri tone lining’inie nusu kwenye ncha, akaligusisha ukuta wa flaski na kulisafisha kwa maji kidogo liingie ndani. Nusu tone! Manjano ikageuka rangi ya chungwa, ikatulia. Akainama hadi jicho likawa sawa na uso wa kimiminika, akasoma mahali pa chini kabisa pa ule mbonyeo. 24.3.

Asidi ilikuwa imezidi nguvu kidogo. Akarudia mara mbili, 24.3 na 24.3. Akapiga hesabu pembeni ya daftari: ukolezi halisi ni kama molari 0.103, lita 12 zinahitaji maji zaidi, takriban mililita 350. Akaongeza, akakoroga, akapima tena. 25.0. Ndipo akavua miwani.

Nilimuuliza kwa nini hakutumia fenoftalini, kwa kuwa waridi likipotea ni rahisi kuona kuliko manjano ikiwa chungwa. Alijibu kwamba fenoftalini ingemsimamisha nusu ya njia, kaboneti ikiwa imegeuka bikaboneti tu, naye angesoma 12.5 akidhani amefika. Mwenye haraka hapo angeiharibu asidi nzuri kwa kujaribu kuirekebisha.

Nifungue mabano kidogo. Bureti za mwanzo zilikuwa kama birika, ukiinamisha na kumimina kupitia mdomo wake. Mfamasia Mjerumani Karl Friedrich Mohr, ambaye kitabu chake juu ya upimaji huu, yaani titresheni, kilitoka mwaka 1855, ndiye aliyeeneza bureti ya kusimama wima yenye mpira na kibanio chini, ndipo fundi akapata mkono wa pili wa kutikisia. Kila nikimwona Mama amesimama pale, mkono huu kwenye koki na ule kwenye flaski, namshukuru yule mfamasia.

Kuna sababu nyingine ya uangalifu huo wote. Katika KCSE, mwalimu hufanya titresheni ile ile kwa mimumunyo ile ile waliyotumia watoto. Jibu lake huitwa thamani ya shule, na mtahiniwa hupimwa kwa hilo. Akiwa ndani ya 0.1 ya thamani hiyo hupata alama nzima ya usahihi, akifika 0.2, nusu. Kuifanya titresheni ni kazi yangu, lakini pipa likiwa na tabaka mbili, namba yangu itamhukumu mtoto aliyesoma bureti yake vizuri kabisa. Fundi wa maabara anaweza kumwangusha mwanafunzi asiye na kosa, bila yeyote kujua. Mama analijua hilo, na ndiyo maana hukoroga mara tatu.

Upande wa watoto, mimi huanza na jedwali kabla ya kuwaonyesha kioo chochote. Jedwali la titresheni kwa kawaida lina alama 5, na 3 kati ya hizo hazihusu ustadi wa mkono: kujaza nafasi zote, kuandika desimali kwa namna moja, na kupata wastani kwa namba zinazokubaliana tu. Kisha nawauliza kwa nini tunatumia mililita 25 wala si 5. Kila usomaji wa bureti una mashaka ya 0.05, nawe husoma mara mbili, jumla 0.1. Juu ya 25 hayo ni asilimia 0.4. Juu ya 5 ni asilimia 2. Mtoto akilielewa hilo, ameanza kupanga majaribio yake mwenyewe.

Jaribio ninalolipenda zaidi kwa kufundishia upangaji ni lile la thiosulfeti ya sodiamu na asidi. Unachora X kwenye karatasi, unaweka bika juu yake, unachanganya, kisha unahesabu sekunde mpaka salfa ififishe alama isionekane. Safari ya kwanza thiosulfeti ni mililita 50. Ya pili ni 40 na maji 10, ya tatu 30 na maji 20, na kuendelea. Nawauliza: hayo maji ya nini? Darasa hunyamaza. Msichana mmoja aliwahi kuchungulia bika kutoka juu kwa muda mrefu, akasema, “Mwalimu, bila maji kimiminika kitakuwa kifupi, na nitaiona X kwa muda mrefu hata kama salfa ni ile ile.” Nilikuwa nimejiandaa kueleza ukolezi tu, kwamba bila maji ukolezi wa asidi nao ungebadilika kila safari. Yeye alikuwa ameona kina. Yote mawili ni kweli, na la kwake sikuwa nimelitaja.

Shule zinazofuata mitaala ya Cambridge hutahini uwezo huu peke yake: karatasi ya tano ya kemia ya A Level ni dakika 75, alama 30, na mezani hakuna chupa hata moja. Mtahiniwa hupanga kwa kalamu: apime nini, asibadilishe nini, namba ipi inatia shaka na kwa nini. Nimewapa wanafunzi wangu maswali ya namna hiyo ingawa mtihani wetu hauyadai, nao wamerudi kwenye bureti wakiwa watulivu zaidi.

Jioni ya mwisho Mama hufanya mtihani mzima mwenyewe, swali kwa swali, kwenye meza ya nyuma ambako mwanga ni hafifu. Nilipomuuliza kwa nini huko, alisema kuna mtoto atakayekaa hapo.

Wakuu wa shule, siku hizo za maandalizi msimtume fundi wenu benki, wala msimpe zamu ya bwalo. Mwachieni maabara yake na muda wa kukoroga.