Fomu ya ASIA na mtoto wa Bahi

Hebu tuitazame upya fomu ya ASIA, ile ambayo wengi wetu tunakariri A hadi E halafu tunaisahau baada ya mtihani. Ilitoka Marekani mwaka 1982, kwa ajili ya watu walioumia uti wa mgongo: walioanguka, waliogongwa na magari. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Unapima ngozi sehemu 28 kila upande kwa pamba na pini, misuli 10 kila upande kwa alama 0 hadi 5, mwisho unaandika herufi moja.

Sasa tuseme kaletwa mtoto wa miaka minane kutoka Bahi. Hakuanguka popote. Alilia mgongo unauma, na baada ya saa chache miguu ikagoma. MRI pale Hospitali ya Benjamin Mkapa ikaonyesha sehemu ya ugwe mgongo imekosa damu. Ni kiharusi, ila si cha kichwani. Mara nyingi mshipa unaoziba ni ule wa mbele: nguvu zinapotea, maumivu hayasikiki, lakini taarifa za mkao wa viungo, ambazo hupita nyuma, zinabaki. Mwambie afumbe macho, inua kidole gumba cha mguu, muulize kiko juu au chini. Anajua! Kwa mtoto atakayejifunza kusimama upya, huo ni mtaji. Kwenye fomu, kipimo hicho ni cha hiari na hakibadilishi herufi.

Angekuwa na miaka minne, hata pini ingeshindwa. Ukimuuliza kama inachoma, anamtazama mama yake kwanza.

Kweli, anayeanza na A ana nafasi ndogo kuliko anayeanza na C. Sibishi. Shida ni kwamba mtoto anaweza kubaki D miaka mitatu mfululizo huku mkojo usioisha kibofuni unaharibu figo, na mgongo unapinda kadiri anavyorefuka. Herufi iko palepale.

WeeFIM walau ni ya watoto, ila nayo inauliza kupanda ngazi na kuingia kwenye beseni la kuogea. Jamani, kwenye nyumba ya tembe ngazi iko wapi?

Mimi ningeongeza mistari mitatu chini ya herufi: kidole gumba anakijua au hakijui; mkojo kiasi gani unabaki baada ya kukojoa; na kutoka mlangoni hadi choo cha nje, kwenye mchanga ule, anafikaje.