Pengo Moja, Tiba Mbili: Kupima Mahitaji ya Mafunzo ya Waganga Wafawidhi

Katika mwaka wa fedha 2017/18 Tanzania ilianza kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya moja kwa moja kwenye akaunti za benki za vituo vya kutolea huduma, badala ya kuziacha mikononi mwa halmashauri. Mganga mfawidhi wa zahanati, ambaye mara nyingi ni tabibu au muuguzi aliyesomea kuhudumia wagonjwa, akajikuta anaandaa mpango na bajeti ya kituo, anaandika hati za malipo, anaingiza hesabu kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za vituo, na kujibu hoja za mkaguzi. Kwamba anahitaji mafunzo, hakuna aliyebisha. Kazi ilikuwa kujua afundishwe nini hasa, na kipi kati ya hivyo kinaweza kufundishwa kwa mtandao bila kumwondoa kituoni.

Njia iliyozoeleka ni kuwauliza wahusika wanataka kozi gani. Majibu hayakosekani, ila hayaaminiki sana. Mafunzo ya ana kwa ana huambatana na safari na posho, hivyo orodha ya maombi huvimba kwa sababu zisizohusiana na kazi. Isitoshe, mtu huomba kozi aliyowahi kuisikia. Udhaifu asioujua hawezi kuuombea mafunzo.

Dodoso la Hennessy-Hicks linaanzia kwingine. Liliundwa Uingereza na Deborah Hennessy na Carolyn Hicks kwa ajili ya watumishi wa afya, na Shirika la Afya Duniani limelisambaza pamoja na mwongozo wake. Halitaji kozi hata moja. Linaorodhesha kazi 30 ambazo mtumishi huzifanya, na kila kazi hupewa alama kati ya 1 na 7 katika safu nne: kazi hii ina umuhimu gani katika nafasi yako, unaifanya vizuri kiasi gani kwa sasa, mabadiliko katika mazingira na utaratibu wa kazi yangekusaidia kiasi gani kuifanya vizuri zaidi, na mafunzo yangekusaidia kiasi gani. Ukitoa alama ya pili kwenye ya kwanza unapata pengo. Safu mbili za mwisho ndizo zinazoonyesha pengo hilo litazibwa na nini.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mganga mfawidhi mmoja na kazi zake mbili. Kufunga hesabu za mwezi kwenye FFARS amekupa umuhimu 7, utekelezaji 3, mabadiliko 2 na mafunzo 6. Kuagiza dawa kwa wakati amekupa umuhimu 7, utekelezaji 3, mabadiliko 6 na mafunzo 2. Mapengo yanalingana, yote ni 4. Hata hivyo, la kwanza ni la kozi: hajui kuchagua kasma wala kusahihisha ingizo lililokosewa. La pili halina kozi. Fomu anaijaza sawasawa, lakini inakaa mezani kwa mtu mwingine ikisubiri saini. Anayetazama pengo peke yake atamwandikisha kozi mbili, na dawa zitaendelea kuchelewa.

Kwa kuwa dodoso halikutungwa kwa ajili ya viongozi wa zahanati, lazima liguswe kidogo: baadhi ya kazi za kitabibu zipungue, ziongezwe za ununuzi, kamati ya usimamizi wa kituo na usimamizi wa watumishi. Mguso huo uwe wa kiasi, maana ukibadilisha maswali mengi unabaki na dodoso jipya ambalo halijajaribiwa popote.

Kasoro yake kubwa ni kwamba mtu anajipima mwenyewe. Anayejipa 6 katika utunzaji wa kumbukumbu huenda ndiye ambaye mkaguzi alikuta malipo yake hayana stakabadhi. Kwa hiyo alama zake zilinganishwe na zile ambazo msimamizi wake wa wilaya atampa kwa maswali yaleyale, kisha na ushahidi uliopo tayari: matokeo ya tathmini ya vituo kwa nyota iliyoanza 2015/16, ripoti za ukaguzi, na uwasilishaji wa taarifa za huduma za afya kupitia MTUHA. Panapotofautiana, hapo ndipo pa kuchunguza kwanza.

Mafunzo ya mtandao yanahitaji ukurasa wa ziada. Mganga ana simu tu au ana kompyuta pia? Bando analipa nani? Atasoma saa ngapi? Katika zahanati yenye watumishi wawili, mmoja akiwa chumba cha kujifungulia na mwingine anaona wagonjwa wa nje, saa ya kusoma haipo ndani ya muda wa kazi mpaka mwajiri aitenge. Nchini Kenya, mpango wa mafunzo ya mtandao wa Amref na Baraza la Wauguzi ulioanza 2005 ulilenga kuwapandisha wauguzi zaidi ya 20,000 kutoka ngazi ya cheti hadi diploma huku wakiendelea kuhudumu, na sehemu ya kazi ilikuwa kuweka vituo vya kompyuta karibu na wanakofanyia kazi. Aina ya kazi nayo izingatiwe. Hatua za kuingiza malipo kwenye mfumo hufundishika kwenye skrini na kurudiwa mara nyingi. Kuongoza kikao cha kamati chenye mvutano kunahitaji kukaa na mtu mzoefu.

Dodoso hili halitoi hukumu ya mwisho, lakini linalazimisha swali ambalo waandaaji wengi wa kozi huliruka: tatizo ni ujuzi au ni mazingira ya kazi? Halmashauri inayotaka kugharimia kozi ya mtandao isome safu ya tatu kabla ya ya nne. Ikiona mabadiliko yamepewa alama kubwa kuliko mafunzo, fedha hizo zielekezwe kwa mhasibu wa kuhudumia vituo kadhaa, kwa mtandao unaofanya kazi, au kwa kufupisha safari ya saini. Kozi ifuate baada ya hapo.