Amri iliyopotea kati ya Elburgon na Nakuru

Katika ofisi moja ya kuuza mbao hapa Elburgon kuna kompyuta kuukuu inayotumia Xubuntu. Karani huingiza vipimo vya magogo, kisha anaita skripti fupi iliyo ndani ya ~/bin, nayo inamtolea ujazo wa shehena nzima. Mezani pale amri inatii. Mhasibu aliyeko Nakuru akiingia kwa SSH, kwa jina lilelile la mtumiaji, Bash inamjibu kwamba amri hiyo haipo. Hata vifupisho vya amri alivyozoea vimetoweka. Fundi wa awali aliongeza mstari wa PATH kwenye .bashrc, akaurudia kwenye .profile, lakini hali ikabaki ileile.

Kosa hili ni la kawaida mno: faili inarekebishwa kabla ya kujulikana kama inasomwa. SSH hufungua sheli ya kuingia. Bash ikishamaliza /etc/profile, hutafuta ~/.bash_profile, ikiikosa ~/.bash_login, ikiikosa tena ~/.profile. Inayopatikana kwanza ndiyo husomwa, zilizobaki haziguswi. Dirisha la terminali mezani si sheli ya kuingia, kwa hiyo lenyewe hutegemea .bashrc.

Basi badala ya kukisia, tuliiuliza Bash yenyewe. Baada ya kuingia kwa SSH, amri `shopt login_shell` ilijibu on. Kisha hii:

PS4='+ $BASH_SOURCE:$LINENO: ' bash -lixc true 2> ~/nyayo.txt

Hapo Bash huanza upya kama sheli ya kuingia, ikiandika jina la faili na namba ya kila mstari inaoutekeleza. Ukinitaka nichague chombo kimoja tu kwa kazi hii, ni hicho. Nyayo zilipita /etc/profile, zikaingia ~/.bash_profile, zikaishia hapo. Faili hiyo ilikuwa na mstari mmoja, ulioachwa na kisakinishi cha zana za programu. Kuwepo kwake tu kuliifungia njia .profile, ambayo katika Xubuntu ndiyo inayoongeza ~/bin kwenye PATH na kuita .bashrc.

Mbona mezani mambo yalikwenda? LightDM, inayompokea mtumiaji kwenye skrini, husoma .profile moja kwa moja bila kujali kama .bash_profile ipo. Kila dirisha linalofunguliwa baadaye hurithi PATH hiyo. Fundi alipojaribu mezani aliona kila kitu kizima, na hilo ndilo lililompoteza. La kusikitisha ni kwamba onyo liko juu kabisa ya .profile: Bash haitaisoma ikiwa .bash_profile au .bash_login ipo.

Tiba ilikuwa kuhamishia ule mstari mmoja ndani ya .profile na kuifuta .bash_profile. Anayetaka kuibakiza aongeze humo `. ~/.profile`, nayo itafanya kazi vilevile. Mistari iliyorudiwa na fundi tuliiondoa pia, maana PATH yenye marudio humchanganya atakayefuata.

Ukifanya kazi hii kwa mbali, tafadhali usifunge kikao cha SSH ulichonacho. Fungua cha pili, ujaribu humo. Mstari mmoja wenye `exit` ndani ya .bash_profile unatosha kukutoa nje kila unapoingia.