Uso wa Jeon Do-yeon

Wanafunzi huniuliza kwa nini nasifu filamu ya Kikorea ilhali hakuna kati yetu ajuaye Kikorea. Nawajibu kwa Secret Sunshine (2007) ya Lee Chang-dong, mwandishi wa riwaya aliyewahi kuwa mwalimu. Mama ambaye mwanawe aliuawa anakwenda gerezani kumsamehe muuaji. Muuaji, kwa utulivu kabisa, anamwambia kuwa Mungu amekwisha kumsamehe. Kwenye karatasi kisa hiki kingekuwa hoja tu. Jeon Do-yeon hapigi kelele (waigizaji wetu wa jukwaani wangeshalia!), tabasamu alilokuja nalo linamkauka polepole, nasi tunaona imani ikimtoka. Nje anazirai. Filamu ni ndefu, dakika 142, na mwisho wake unajikokota, lakini tuzo ya mwigizaji bora wa kike aliyopewa Cannes mwaka huo aliistahili.