Doa Jeupe katika Rafu ya Santuri

Mpenzi wa santuri ana tabia ya kuamini kwamba pasipotoka santuri hapakuwa na muziki. Hatamki hivyo, ila rafu yake inatamka. Humo mna Nairobi, mna Dar es Salaam na Morogoro, mna Mombasa, mna Likasi na Lubumbashi. Na aliyebahatika mno anayo hata moja ya zile alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Sumbawanga haimo. Uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni doa jeupe katika ramani hiyo, nami naona kwamba ila ni ya ramani wala si ya nchi.

Tuichukue diski ya "Origins of Guitar Music" iliyotolewa na SWP Records ya Uholanzi, ambayo imekusanya nyimbo za gitaa alizorekodi Hugh Tracey katika miaka ya 1950 kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia ya leo, yaani kwa majirani wa Ufipa. Mashuhuri kuliko wote wa kundi hilo ni Mwenda Jean Bosco, ambaye Tracey alimrekodi wimbo wa "Masanga" mjini Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinadonoa nyuzi nyembamba. Ni vidole viwili tu, lakini asikilizaye bila kuona huapa kwamba wapigaji ni wawili. Gitaa ni kavu, halina umeme wala mapambo, na hakuna sauti moja humo iliyowekwa kwa kujaza nafasi.

Wapo miongoni mwetu visiwani ambao wakisikia Kiswahili cha Katanga hutabasamu. Ngeli zimelegea, vina havipo. Mimi nasema msikilizaji aliyelelewa kwa mizani asiitafute mizani hiyo katika maneno, aitafute katika gumba: hapo inahesabiwa bila kukosea, na sauti ya mwimbaji inapata uhuru wa kuchelewa na kuwahi. Isitoshe, Kiswahili hicho kimefikaje huko? Mwenda ni wa Bunkeya, mji wa Msiri, na Bayeke asili yao ni Unyamwezi; walifuata shaba ya Katanga katika karne ya 19. Misafara ya biashara iliizunguka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na Ufipa ilikuwa njiani. Lugha ilikwenda kwa miguu, ikarudi baada ya miaka mingi ikiwa imeshika gitaa.

Sitaki nionekane nawacheka wapenzi wa vyombo. Anayejua kwamba santuri kongwe ya mizunguko 78 ukiisugua kwa spiriti inayeyuka, anayepima uzito wa mkono wa sindano, anayebishana usiku kucha kuhusu amplifaya ya vali na ya transista, huyo ametuhifadhia sauti ambazo wengi walizitupa. Ila masikio yake yamefundwa na chombo. Upande mmoja wa santuri zile ulibeba kiasi cha dakika tatu, basi naye huzungumza juu ya ufupi wa nyimbo kana kwamba ni hiari ya mtunzi, ilhali ngoma ile ile uwanjani ilikesha. Zilipokuja za mizunguko 45, Mbaraka Mwinshehe na wenzake waliukata wimbo mmoja sehemu mbili: upande huu maneno, ule mwingine aghalabu chemko la magitaa. Baina yake mtu aliinuka kugeuza santuri, na wachezaji wakasimama. Hakuna mtunzi aliyetaka kimya kile.

Tanzania nayo haikuwa na kiwanda cha santuri. Kazi hiyo ilifanyika Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo iliziba, na muziki mwingi ukabaki katika kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwenye rafu anaona santuri zinapungua, naye anaandika kwamba muziki ulififia.

Ndiyo maana nang'ang'ania Ufipa. Nchi isiyo na santuri inatulazimisha kuuliza habari za msikilizaji na za mpigaji wa kijijini, yule aliyechonga gitaa lake kwa mbao na kopo, akafumua waya wa breki za baiskeli kupata nyuzi. (Watu waliokuwa wakiyeyusha chuma katika malungu, matanuri yaliyowazidi kimo, hawakuhitaji kufunzwa thamani ya waya.) Gitaa kama hilo halina jina la kiwanda la kubishania, na likivunjika huenda jikoni kuwa kuni. Mhakiki anayepima muziki kwa kile kilichosalia rafuni hatalifikia kamwe, hata akiwa na sindano bora ya Ulaya nzima.

Tracey alisafiri na gari lililojaa mitambo, na jenereta akaiweka mbali ili ngurumo yake isiingie katika tepu. Leo simu ya mfukoni inarekodi bila kunguruma, na wazee waliopiga magitaa ya makopo wanazidi kupungua. Nawajua wapenzi waliokwenda hadi Nairobi kutafuta santuri moja yenye mikwaruzo. Barabara ya kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga sasa ina lami.